SOMO LA MWEZI: KUTOA NGUVU YA ROSELA KWA MAJI MATUPU



Mwezi huu somo letu ni juu ya vifuko vyekundu vya rosela, mmea ambao wengine huuita choya. Utajifunza mambo matatu. Kwanza, ni kitu gani kilicho ndani ya rosela ambacho wanunuzi wanakitafuta. Pili, jinsi ya kukitoa bila kutumia dawa zenye sumu na bila kumaliza kuni. Tatu, jinsi kitu hicho kinavyopotea mikononi mwa mkulima mwenyewe kabla hakijafika kwa mnunuzi. Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, kwa hivyo nitaanza nalo.

GUNIA LILILORUDI

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu. Ndiyo sababu wakulima wa skimu yetu ya pwani bado huniita Mwalimu. Miaka miwili iliyopita mama mmoja alipanda robo ekari ya rosela kando ya mahindi yake. Alikuwa amebakiza fungu la mwisho la deni la shamba, na bila kulilipa hangeweza kupata hati. Mnunuzi alikuwa ameahidi kuja. Basi mama akanijia ofisini akaniuliza, "Mwalimu, nivikaushe vipi?" Nami nikamjibu, "Vikaushe vizuri, mama, vikauke kabisa." Kisha nikainama tena juu ya karatasi zangu.

Mama alifanya kama nilivyosema. Alivianika vifuko vyake juu ya mabati ya paa, katika jua kali, siku nne. Vilikauka kabisa. Lakini mnunuzi alipofungua gunia aliona kitu chenye rangi ya tumbaku kuukuu. Alichukua kiasi cha mkono mmoja, akakitia katika bilauri ya maji ya moto, akangoja. Maji hayakuwa mekundu; yalikuwa ya rangi ya udongo. Akalifunga gunia, akamrudishia mama, akaenda zake.

Je, kosa lilikuwa la mama? La. Nilimwambia neno "vizuri," wala sikumwambia vizuri ni vipi. Somo hili ni deni langu kwake, na ni deni langu kwako pia.

NI KITU GANI KILICHO NDANI?

Kabla sijakutajia jina lake, fanya jaribio hili dogo. Kata parachichi bivu vipande viwili. Kipande kimoja kipake maji ya ndimu. Cha pili kiache hivyo hivyo. Viweke mezani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Utaona kipande kisichopakwa ndimu kimekuwa cheusi-cheusi, na kile kingine bado kina rangi yake, au kimebadilika kidogo tu.

Sababu ni nini? Katika hewa tunayovuta mna oksijeni. Oksijeni ndiyo inayotupa uhai, lakini pia ndiyo inayofanya chuma kushika kutu, mafuta ya kupikia kuharibika na kutoa harufu mbaya, na parachichi kuwa jeusi. Ndimu ina vitamini C. Vitamini hii hukutana na oksijeni kwanza, kama askari anayesimama mlangoni, na ule ukali wa ndimu nao hupunguza mbio za kuharibika. Vitu vinavyofanya kazi ya namna hii huitwa antioksidanti.

Mimea mingi tunayokula ina antioksidanti zake. Katika rosela ziko hasa katika ile rangi nyekundu. Rangi hiyo huitwa anthosianini, nayo ni ya ukoo mmoja na rangi ya tunda la zambarau na ya kabichi nyekundu. Kumbuka kwamba sehemu itakiwayo si ua. Ua likishanyauka, kile kifuko chekundu kilichofunika mbegu hunenepa na kujaa maji. Hicho ndicho tunachovuna. Huko Sudan na Misri kinywaji chake huitwa karkade, na watu wamekinywa tangu zamani.

Sasa utaelewa jambo moja muhimu. Rangi ndiyo mali. Rosela iliyopoteza rangi yake nyekundu imepoteza kile hasa ambacho mnunuzi anakitafuta, hata ikiwa kavu namna gani na hata gunia likiwa zito namna gani.

MAADUI WANNE WA RANGI

Rangi hii ina maadui wanne: jua, joto kali, hewa, na unyevu. Mabati ya paa yana maadui wawili kwa pamoja, kwa maana jua hupiga kutoka juu na bati huunguza kutoka chini. Kwa hivyo fuata taratibu hii:

1. Vuna vifuko vikiwa vinene na laini, kwa kawaida baada ya majuma mawili au matatu tangu ua kunyauka. Usingoje mbegu zikauke ndani.

2. Vuna asubuhi, umande ukiisha kukauka. Usijaze gunia na kulifunga, maana vifuko vibichi vikibanana hupata joto na kuanza kuoza.

3. Toa mbegu siku hiyo hiyo. Chukua kipande kifupi cha bomba jembamba la chuma kisicho na kutu, kilichonolewa upande mmoja. Kisukume chini ya kifuko, na mbegu zitatoka pamoja na ganda lake.

4. Osha vifuko upesi kwa maji safi, uvichuje. Usivilowanishe, kwani rangi hutoka katika maji hata usipotaka, nayo itamwagika bure.

5. Tengeneza kitanda cha fito kilichoinuliwa, utandike wavu safi juu yake. Kiweke chini ya kivuli penye upepo, kwa mfano chini ya mwembe au chini ya paa la makuti. Tandaza vifuko tabaka moja tu, uvigeuze mara mbili kila siku. Usiku viingize ndani, visipate umande.

6. Kama mvua zinanyesha na upepo hakuna, tumia sanduku la kukaushia lenye matundu ya kupitisha hewa, na jua lisipige vifuko vyenyewe. Joto la ndani lisizidi digrii 60 za Selsiasi.

7. Usihesabu siku, jaribu kwa mkono. Kifuko kilichokauka huvunjika ukikifinya. Kikipinda kama ngozi, bado.

8. Weka katika debe kavu lenye kifuniko, mahali penye giza, juu ya mbao wala si juu ya sakafu. Usitumie karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga. Ukiona kuvu, usichague vilivyo vizuri. Tupa vyote vilivyomo katika debe hilo.

Yafaa pia ujue hesabu ya mapema, usije ukajiahidi zaidi ya utakachopata. Kilo 8 hadi 10 za vifuko vibichi hutoa kiasi cha kilo 1 tu ya vilivyokauka.

KWA NINI MAJI YANATOSHA

Katika kutoa kitu ndani ya mmea kuna kanuni moja: kila kitu huyeyuka katika kile kinachopatana nacho. Umeiona kanuni hii jikoni mara nyingi. Sukari huyeyuka katika maji, wala haiyeyuki katika mafuta. Lakini ukichemsha karoti, maji hayawi ya rangi ya chungwa sana. Ukizikaanga, mafuta yanageuka rangi mara moja. Rangi ya karoti inapatana na mafuta. Rangi ya rosela inapatana na maji.

Basi mkulima wa rosela ana bahati. Kitu anachohitaji ili atoe mali yake ni maji, na maji hayaachi sumu katika kinywaji wala katika udongo. Fanya hivi:

Chukua gramu 50 za vifuko vikavu. Vivunje-vunje, lakini usivisage vikawa unga. Vipande vidogo hutoa rangi upesi kwa sababu maji hupata njia nyingi za kuingia. Unga nao huziba kitambaa cha kuchujia. Tia katika chombo cha udongo, cha kioo, au cha enameli isiyobanduka. Usitumie chombo cha chuma chenye kutu wala sufuria ya alumini, kwa sababu rosela ni kali nayo hula madini.

Mimina nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Funika, uache mahali pa baridi usiku kucha. Asubuhi chuja kwa kitambaa safi. Kisha rudisha vifuko katika chombo, umimine nusu lita nyingine ya maji yaliyochemshwa yakapoa, uache saa mbili au tatu, uchuje tena na kukamua. Changanya maji yote mawili.

Ukiwa na haraka, tumia maji ya moto yaliyoondolewa motoni, uache dakika 15 tu. Usichemshe vifuko motoni kwa muda mrefu. Maji ya moto huvuta rangi upesi, lakini moto ukizidi ile rangi iliyotoka huanza kuharibika, nawe umechoma kuni kwa kujipunguzia mali. Maji baridi hufanya kazi polepole, lakini hayadai ukuni hata mmoja zaidi ya ule wa kuyachemsha kwanza yawe salama.

HESABU YA MAJI MAWILI

Labda utauliza, "Kwa nini nusu lita mara mbili? Kwa nini nisimimine lita nzima mara moja?" Swali zuri. Tufanye hesabu pamoja.

Tuseme rangi yote iliyo katika vifuko ni mafungu 12. Tuseme pia kwamba vifuko vikilowa vinashika robo lita ya maji ambayo huwezi kuyachuja.

Ukimimina lita nzima mara moja, mafungu 12 yanaenea katika lita hiyo. Unachuja robo tatu, na robo moja inabaki katika vifuko. Kwa hivyo umepata mafungu 9, na umetupa 3.

Ukimimina nusu lita kwanza, unachuja robo lita yenye mafungu 6, na robo lita yenye mafungu 6 inabaki. Unaongeza nusu lita ya pili. Sasa mna robo tatu lita yenye mafungu 6. Unachuja nusu lita, nayo ina mafungu 4. Mafungu 6 na 4 ni 10. Umetupa 2 tu.

Tazama: maji ni yale yale, na kinywaji ulichopata ni kile kile robo tatu lita, lakini nguvu imezidi. Wenye viwanda wanajua hesabu hii, nao huipitisha mimea yao katika maji mara nyingi kidogo kidogo. Sasa na wewe unaijua.

VIWANDANI WANAFANYAJE?

Kwa miaka mingi viwanda na maabara vimetoa rangi, mafuta na antioksidanti katika mimea kwa kutumia vimiminika kama heksani, itokanayo na petroli, na methanoli, ambayo ni sumu. Vitu hivi hufanya kazi upesi, lakini hushika moto kwa urahisi, mvuke wake huwadhuru wafanyakazi, na lazima viondolewe kabisa kabla chakula hakijaliwa. Masalio ya mmea nayo hayawezi kutupwa ovyo.

Ndiyo sababu siku hizi wataalamu wanatafuta njia zisizochafua nchi. Njia ya kwanza ni maji, kama tulivyoona. Ya pili ni maji yaliyochanganywa na ethanoli safi ya chakula, ambayo hutengenezwa kwa mimea. Hapa Kenya, kule Muhoroni, ethanoli hutengenezwa kwa molasi ya miwa. Ya tatu ni kutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii. Hayo hupasua vijumba vidogo vya mmea ili maji yaingie upesi bila joto kubwa.

Njia ya nne ni ya ajabu zaidi. Hewa ya kaboni dioksidi, ile ile inayotoa mapovu katika soda, ikibanwa kwa nguvu zaidi ya mara 73 ya hewa yetu na kupashwa joto kupita digrii 31, haiwi hewa wala maji, bali hupata tabia za vyote viwili. Hupenya ndani ya mmea, huyeyusha kinachotakiwa, na ikifunguliwa huruka isiache kitu. Kafeini hutolewa katika kahawa kwa njia hii. Lakini kumbuka kanuni yetu: hewa hiyo inapatana na vitu vya mafuta, haipatani na rangi ya rosela. Kwa rosela, mtambo huo wa fedha nyingi ukitumiwa peke yake unashindwa na chungu chako cha maji.

Baada ya kukamua, masalio yako hayana sumu. Yatie katika shimo la mboji pamoja na majani na samadi, yarudi shambani.

JARIBIO LA RANGI

Utajuaje kama rosela yako bado ina nguvu? Pima gramu 5 za rosela mpya na gramu 5 za ile ya zamani. Kila moja itie katika bilauri yake yenye maji ya moto ya kiasi kimoja, ungoje dakika 10. Weka karatasi nyeupe nyuma ya bilauri. Ile iliyo nyekundu zaidi ndiyo iliyotunza rangi yake.

Kisha mimina kidogo katika kikombe kingine, utie chembe chache za magadi. Rangi ya kweli ya rosela itaacha wekundu wake na kuwa ya buluu-buluu au ya kijani kichafu. Kama mtu ameweka rangi ya dukani, mara nyingi haitageuka hivyo. Jaribio hili pia linakufundisha kwamba magadi ni adui wa rangi hizi, na vilevile huharibu vitamini C katika mboga. Kwa hivyo mwambie na mpishi wako asizidishe magadi.

MAONYO

Usijaribu kamwe kutoa rangi kwa spiriti ya taa, petroli, mafuta ya taa, wala pombe usiyoijua asili yake. Mwezi wa Mei 2014 watu wengi walikufa Embu, Kitui na penginepo katika nchi yetu kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Methanoli haijulikani kwa macho wala kwa pua.

Kinywaji cha rosela kiliwe kama chakula, kisisifiwe kama dawa ya kuponya magonjwa. Kinaweza kushusha nguvu ya msukumo wa damu. Kwa hivyo anayetumia dawa za presha, na mama mja mzito, waulize kwanza kwa daktari. Kisikae zaidi ya siku moja nje ya friji. Na kabla ya kukiuza katika chupa, uliza ofisi ya afya na ofisi ya viwango ni masharti gani yanayotakiwa.

MWISHO WA HABARI YA MAMA

Msimu uliopita mama yule alipanda rosela tena. Safari hii nilikwenda shambani mwenyewe, tukatengeneza kitanda cha fito chini ya mwembe wake. Mnunuzi alipokuja, mama hakufungua gunia kwanza. Aliweka bilauri mbili mezani: moja akaitia rosela ya lile gunia lililorudi, na ya pili akaitia ile mpya. Akamimina maji ya moto, akakaa kimya. Baada ya dakika 10 mnunuzi naye hakusema mengi, alitoa mizani.

Deni la shamba halijaisha, lakini limepungua. Nami nimejifunza kwamba mkulima akiuliza swali, karani aweke kalamu chini.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kuanika rosela juu ya mabati ni hasara?
2. Rangi ya karoti na rangi ya rosela, ipi inapatana na maji?
3. Ukitumia nusu lita mara mbili badala ya lita moja, unaokoa mafungu mangapi katika 12?
4. Taja vyombo viwili visivyofaa kulowekea rosela.
5. Debe lako la rosela liko wapi sasa? Nenda ukalitazame. Kama jua linalipata, lihamishe leo.

Ukishindwa na jambo lo lote, mwendee Bwana Shamba wa sehemu yako. Asikujibu "vizuri" tu, mwombe akuonyeshe.